Damu Katika Choo: Kuiwahi Saratani ya Utumbo Mpana

Chukulia mfano wa mama mwenye umri wa miaka 48, mkazi wa Mbagala, ambaye kila alfajiri huenda Feri kununua samaki wa kukaanga. Siku moja anaona damu katika choo. Duka la dawa linampa dawa ya amiba. Damu inakoma kwa siku chache, kisha inarudi. Jirani anamwambia kuwa hiyo ni bawasiri na kumletea mitishamba. Baadaye, kwa kuwa anachoka na kuona kizunguzungu, anapewa katika zahanati vidonge vya kuongeza damu. Miezi minane inapita. Anapofikishwa hospitali ya rufaa, tumbo limevimba na choo hakipiti.

Kila aliyemhudumia mama huyu alikuwa na sababu. Amiba ipo Dar es Salaam, bawasiri ipo, na upungufu wa damu una visababishi vingi. Kosa lilikuwa kwamba tiba iliposhindwa, hakuna aliyerudi kuuliza upya damu hiyo inatoka wapi. Somo hili linaeleza kwa nini swali hilo ni la lazima, na namna mgonjwa na mhudumu wanavyoweza kuuwahi ugonjwa.

Ugonjwa unavyoanza

Saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza kama kivimbe kidogo kinachoota katika ukuta wa ndani wa utumbo, kiitwacho polipi. Polipi nyingi hazigeuki kuwa saratani. Zile zinazogeuka kwa kawaida huchukua miaka kama 10 au zaidi, na katika muda wote huo mtu anaweza asihisi lolote. Polipi ikionekana mapema, huondolewa kwa kifaa kile kile kinachotumika kuchungulia utumbo, bila kupasua tumbo. Kwa hiyo uchunguzi huu, licha ya kuigundua saratani, unaweza pia kuizuia isitokee.

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ikigunduliwa ingali ndani ya utumbo, wagonjwa 9 hivi kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikiwa imeshasambaa hadi kwenye ini au mapafu, hubaki chini ya wawili kati ya 10.

Dhana ya ugonjwa wa Wazungu

Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940, aliona kwamba saratani hii ilikuwa nadra miongoni mwa Waafrika. Katika makala aliyochapisha mwaka 1971 alihusisha jambo hilo na chakula chenye makapi mengi, yaani nyuzinyuzi za nafaka, mboga na matunda. Hoja ya nyuzinyuzi ina uzito hadi leo. Hata hivyo, maisha ya mijini yamebadilika: chipsi, soda, soseji, sigara, pombe, na siku nzima ya kukaa. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliainisha nyama zilizosindikwa, kama soseji, kuwa kisababishi cha saratani hii. Kumbukumbu za Taasisi ya Saratani Ocean Road nazo zimeonyesha ongezeko la wagonjwa, wengi wao wakifika ugonjwa ukiwa umekomaa. Wagonjwa wenye umri wa chini ya miaka 50 si wachache, hivyo ujana pekee usimtulize mtu.

Wajibu wa mhudumu wa kwanza

Dalili zinazotaka uchunguzi ni damu katika choo, mabadiliko ya haja kubwa yanayodumu kwa wiki kadhaa, kuhisi haja haijaisha, maumivu ya tumbo yasiyokoma, kukonda bila sababu, na upungufu wa damu. Mwanamume yeyote mwenye upungufu wa madini ya chuma, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, achunguzwe utumbo, kwa maana uvimbe wa upande wa kulia huvuja damu polepole bila kuonekana kwa macho.

Zahanati isiyo na mashine bado ina uwezo. Mhudumu aulize dalili zimeanza lini, na kama mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa amewahi kuugua saratani hii. Apapase tumbo, kisha, kwa ridhaa na faragha, apime njia ya haja kubwa kwa kidole. Hata akiiona bawasiri asiishie hapo, kwani mtu mmoja anaweza kuwa na maradhi yote mawili. Dalili zikirudi baada ya tiba, mgonjwa aandikiwe rufaa, iwe kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, ya Mwananyamala au Muhimbili, na barua itaje damu hiyo waziwazi.

Kuchunguzwa kabla ya dalili

Miongozo mingi ya kimataifa inapendekeza watu wasio na dalili waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 45 au 50. Kipimo rahisi ni cha kutafuta damu isiyoonekana katika choo, ambacho hurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Kipimo kamili zaidi ni kolonoskopi: mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha utumbo, kisha daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera. Kikiwa safi, hurudiwa baada ya miaka 10. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua aanze mapema, akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, kutegemea upi unatangulia.

Katika vituo vyetu, uchunguzi wa mlango wa kizazi umezoeleka kuliko huu. Ndiyo maana mwenye historia ya familia hana budi kuuomba mwenyewe.

Kuishi baada ya matibabu

Tiba kuu ni upasuaji. Baadhi huongezewa dawa za saratani au mionzi. Wengine hutolewa utumbo kwenye ngozi ya tumbo, ambako choo huingia katika mfuko, kwa muda au maisha yote. Mfuko umwagwe ukijaa theluthi, na ngozi ioshwe kwa maji na kukaushwa. Tundu lenye afya huwa jekundu na lenye unyevu. Likigeuka jeusi, mgonjwa aende hospitali mara moja. Muislamu anayehofia udhu wake amwulize sheikh, kwani sheria inamtambua mwenye udhuru. Mwenye mfuko hufanya kazi, husafiri na huishi na mwenzi wake. Asiache kliniki kwa kuwa amepata nafuu, kwa sababu ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka mitatu ya mwanzo.

Mama wa Mbagala alipita mbele ya watu watatu kabla ya kufika hospitali. Mmoja wao angemwambia, "Mama, ukiona damu tena, rudi tukupime," huenda angefika akiwa na ugonjwa unaotibika.