Utofautishaji au Utofautikaji? Istilahi ya Baiolojia na Mche wa Mgomba Kisii na Nyamira

Utangulizi

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, mgomba ni chakula na pia ni fedha. Kwa desturi, mkulima hung'oa chipukizi lililoota ubavuni mwa mgomba mama na kulipanda kwingine. Fukusi, minyoo ya mizizi na ugonjwa wa Panama huweza kusafiri nalo. Tangu miaka ya 1990, watafiti nchini Kenya wamezalisha miche safi maabarani kwa njia ya kukuza tishu. Makala hii inachunguza istilahi inayofaa kueleza kinachotendeka humo.

Molekuli Ndogo na Seli

Kiini cha chipukizi hukatwa na kuwekwa katika chupa yenye sukari, madini na homoni. Homoni kuu ni mbili: oksini na sitokinini. Hizi ni molekuli ndogo mno zikilinganishwa na protini, na mmea wenyewe huziunda kwa umetaboli wake; oksini, kwa mfano, hutokana hasa na asidi amino iitwayo triptofani. Mwaka 1957, Skoog na Miller walionyesha kwa tishu za tumbaku kwamba uwiano ndio huamua. Sitokinini ikizidi, seli huelekea kuwa machipukizi. Oksini ikizidi, huelekea kuwa mizizi. Kati ya hali hizo mbili, seli hubaki donge lisilo na umbo. Vivyo hivyo, kiini cha mgomba kwanza hupewa sitokinini kwa wingi ili kizae machipukizi mengi, kisha uwiano hugeuzwa ili mizizi iote. Hakuna jeni inayopachikwa.

Swali la Istilahi

Mchakato huo ukiitwa utofautishaji, kiambishi -ish- cha usababishi hudai mtenda. Mkulima wa Nyamira atauliza, na ana haki: ni nani aliyeugeuza mgomba wangu? Utofautikaji, wenye kiambishi -ik-, huonyesha seli ikifikia hali ambayo uwezo wake ulikuwa tayari ndani yake. Fundi wa maabara hubadilisha uwiano wa molekuli. Inayotofautika ni seli.

Hitimisho

Istilahi isiyopimwa kwa ushahidi huzaa hofu, na pengine matumaini ya bure. Mche wa maabara ni safi, lakini si lazima uwe sugu. Aina isiyo na ukinzani ikipandwa katika udongo wenye ugonjwa wa Panama, huweza kuugua kama chipukizi la kawaida. Mtaalamu wa Kiswahili asipotenganisha "safi" na "sugu", gharama ya kosa hilo italipwa shambani.