Kabla ya Kuweka PIN: Chagua Zawadi Itakayofika Migwani Salama

Safari yangu ya kwanza nje ya Kenya ilikuwa Zanzibar. Siku ya mwisho nilikuwa Soko la Darajani, boti ya kurudi Dar es Salaam inakaribia kuondoka, na bado sijamnunulia susu chochote. Muuzaji akanionyesha pakiti ya nyuzi nyekundu. "Zafarani ya hapa hapa, dada." Nikatuma pesa kwa simu haraka haraka.

Nilipofika Migwani, susu akaitia kwenye pilau. Wali ukawa wa manjano, lakini harufu hakuna. Baadaye ndio nikajua kwamba Zanzibar haina mashamba ya zafarani. Nilikuwa nimelipia rangi tu, tena kwa bei ambayo sikuihesabu kwa shilingi zetu.

Ndiyo maana leo tunakupa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuweka PIN.

Swali la 1: Kitu hiki kinatoka hapa kweli?

Zawadi nzuri ni ile ambayo watu wa mahali hapo wanailima au wanaitengeneza wenyewe. Zanzibar, anza na karafuu, ambazo nyingi hutoka Pemba. Bonyeza moja kwa ukucha. Ikiwa nzuri, itaacha mafuta na harufu kidoleni. Mdalasini mzuri una magamba membamba yaliyojikunja pamoja, si ganda moja nene.

Ukipitia Dar es Salaam, kuna picha za Tingatinga, zile za wanyama na rangi kali. Mtindo huo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Muulize muuzaji ni nani aliyeichora. Anayemjua mchoraji hatasita kukujibu.

Kwa vinyago vya twiga na vifaru, sisi watu wa Ukambani tuwe makini zaidi. Wachongaji wa Kikamba wamesambaa pwani nzima, na kinyago unachobebea watu wa nyumbani huenda kilichongwa na jirani yako! Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao kijijini na kuwafundisha wengine. Hebu fikiria: alichobeba kutoka safarini ni ujuzi, na hadi leo unalisha familia nyingi.

Swali la 2: Kitapita mpakani?

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Umelipa, umefunga mzigo vizuri, halafu kitu kinabaki mikononi mwa maafisa. Epuka hivi:

- Makombe ya baharini, matumbawe, na chochote cha gamba la kasa au pembe ya ndovu. Kuuzwa hadharani hakumaanishi ni halali kukibeba.
- Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na Tanzania bara Juni 2019. Beba kyondo chako, kinatosha kabisa.
- Miche, mbegu na matunda mabichi. Hivi vinahitaji kibali cha KEPHIS kabla hujavileta.

Hilo la mwisho usilichukulie kirahisi. Mwaka 2003 inzi wa matunda mwenye asili ya Asia aligunduliwa Kenya, akaenea kwenye maembe. Mwaka 2014 Kenya ikalazimika kusimamisha kuuza maembe Ulaya, na ilirudi sokoni huko mwaka 2021 tu. Kama una miembe Kitui au Makueni, unajua hasara hiyo ilimfikia nani. Tunda moja kwenye begi linaonekana dogo, lakini mdudu haombi pasipoti.

Swali la 3: Kwa shilingi zangu, ni ngapi jumla?

Shilingi ya Tanzania ina sifuri nyingi, na hizo huchanganya. Fanya hivi:

1. Angalia kiwango cha kubadilisha pesa asubuhi, kabla hujaingia sokoni.
2. Gawanya bei kwa kiwango hicho. Tuseme shilingi 1 ya Kenya ni 20 za Tanzania. Doti ya kanga ya 15,000 itakuwa shilingi 750 za Kenya.
3. Ongeza ada ya kutuma nje ya nchi. Ukinunua vitu vitano kwa muuzaji mmoja, lipa mara moja badala ya mara tano.
4. Kisha ndipo upatane bei. Ukishajua kiasi unachoweza kulipa, hutaharakishwa na mtu.

Wakati wa kulipa, hakikisha namba inaanza na +255 na jina linalotokea kwenye simu ndilo la muuzaji. Weka PIN mwenyewe. Usimpe mtu simu "akusaidie", hata akiwa mkarimu namna gani. Subiri ujumbe wa kuthibitisha kabla hujaondoka, na usiufute. Ukiulizwa bei forodhani, ujumbe huo pamoja na risiti ndivyo vitakavyokutetea.

Na kama unataka kuja kuuza?

Hiyo sasa si zawadi, ni biashara. Ukifika mpakani, sema ukweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, mradi bidhaa ziwe zimetoka nchi wanachama. Uliza kwanza: si kila kanga inayouzwa Zanzibar imechapwa Afrika Mashariki.

Kwa kumalizia

Binamu yangu alipoenda Zanzibar baada yangu, nilimwandikia maswali haya matatu. Akarudi na karafuu za kujaza kopo, na akabakiwa na nauli ya kutoka Nairobi hadi Migwani. Susu alizinusa, akacheka. Ile pakiti ya zafarani bado ameiweka kabatini, eti nisisahau.

Kabla ya safari yako, fungua menyu ya kutuma pesa nje ya nchi, soma ada, na ujaribu kutuma kiasi kidogo kwa mtu unayemfahamu huko. Safari njema, na usituletee makombe!