Mafumbo kwa Mtoto Mwenye Akili Kali

SWALI: Mwanangu wa miaka saba amezimaliza hesabu zote za darasa lake, na sasa zamchosha. Nimpe nini?

JIBU: Ndugu msomaji, usimzidishie wingi wa hesabu, bali kina chake. Mchoree mraba wenye vyumba tisa, umwambie azipange tarakimu 1 hadi 9, kila moja mara moja, hata kila safu, ya wima, ya mlalo na ya mshazari, ijumlishe 15. Naye akisha kufaulu, muulize kwa nini 5 haina budi kukaa katikati, kwani fikira hupevuka katika kutafuta sababu kuliko katika kupata jawabu. Kisha mfundishe bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Akikwama, usiharakishe kumfumbulia: subira yako ndiyo ufunguo wake.