Mwendo wa Mwili Katika Kumfunza Mtoto

Kazi yangu ni kufundisha madarasa ya chini katika shule ya msingi iliyo karibu na kilima cha Kibuli, hapa Kampala, ambako dawati lililoundwa kwa watoto watatu aghalabu hukaliwa na watano, na mwalimu apitaye baina ya madawati hana budi kwenda upandeupande. Tangu Serikali ya Uganda ilipoanzisha Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1997, neema ya kusoma imewafikia watoto wengi ambao zamani wangaliikosa, lakini nafasi ya kukaa haikuongezeka kwa kadiri ya wakaaji. Tena shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2022, baada ya taabu ndefu ya korona iliyoanza kuzifunga Machi 2020, tulipokea watoto ambao viungo vyao vilikwisha kuzoea uhuru wa uani, wala havikuweza kutulia asubuhi nzima kwa kuambiwa tu vitulie. Ndipo nilipoanza kulitia somo lenyewe katika miguu na mikono yao.

Wako walimu wanaouona mwendo kuwa mapumziko: watoto waruke kidogo, damu ichangamke, kisha warudi kazini. Jambo hilo lina heri yake, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuwanasihi wazee kwamba mtoto azoezwe kutembea na kujinyoosha mchana, na aachwe acheze atokapo chuoni, kwa kuwa kumnyima mchezo kunaua moyo wake na kuidumaza akili. Mimi nataka zaidi ya hayo. Nataka hatua ya mguu iwe ndiyo hatua ya fikra, hata mtu akimtazama mtoto anavyokwenda aweze kujua anavyowaza.

Kabla ya yote wafunze watoto kusimama. Natumia ngoma ndogo: pigo moja, kila mguu hukoma palepale ulipo. Tulifanyie zoezi hili subira mpaka lizoeleke, maana darasa lisilojua kukoma halifai kutolewa nje.

Kisha chora kwa chaki mstari mrefu barazani penye saruji, au kwa jivu pale penye udongo mwekundu, utie alama kutoka sifuri hadi ishirini, baina ya alama na alama pawe na hatua moja ya mtoto. Mtoto asimame juu ya saba, uso wake ukielekea ishirini, aambiwe aongeze tano. Wengi huhesabu mahali waliposimama kuwa ni moja, wakaishia kumi na moja. Na kosa hilo, ambalo katika daftari ni jibu baya lisilojulikana asili yake, barazani huonekana kwa macho ya darasa zima. Usifanye haraka kumsahihisha. Waulize wenzake: alipoinua mguu mara ya kwanza, alitua juu ya namba gani? Wao wenyewe watasema nane, na mtoto atarudi saba aanze upya, akitamka hesabu kila mguu unapotua, mpaka afike kumi na mbili. Katika kutoa, mimi huwataka warudi kinyumenyume pasipo kugeuka, ili uso ubaki umeelekea namba kubwa na mwili uhisi kwamba unapungukiwa. Mara wamalizapo, waketi waandike 7 + 5 = 12 katika madaftari, hapo hapo, kabla ya kucheka na kusimuliana.

Kuzidisha kuna uzuri wake wa pekee. Wapange watoto kumi na wawili katika safu tatu za watu wanne, wageuke wote robo mzunguko kulia bila yeyote kuhama mahali pake, na yule aliye mbele atahesabu safu nne za watu watatu. Nimeona watoto waliokariri jedwali kwa muda mrefu wakistaajabu hapa, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza wao wenyewe kuwa ndani ya hesabu.

Watoto wakubwa kidogo, wanaosoma habari za wilaya, wanaweza kuisimamisha Kampala yote uani. Asubuhi wanyooshe mkono wa kulia kwenye jua, na uso utakuwa umeelekea kaskazini. Watakaokuwa Kawempe wakae mbele, Makindye nyuma, Nakawa kulia, Rubaga kushoto, na Kampala ya Kati katikati. Mmoja atumwe kutoka Rubaga kwenda Nakawa, aseme anapita wapi. Kiswahili nacho, ambacho Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima mashuleni, huingia vizuri kwa amri zinazotendwa: simama nyuma ya kiti, weka kitabu chini ya dawati.

Mvua ya Kampala inaponguruma juu ya mabati, na sauti ya mwalimu isisikike hata dawati la pili, ndipo mikono inapokuwa na faida kubwa. Bila kuhamisha dawati lolote, watoto huonyesha kwa mikono miwili pembe mraba, pembe kali na pembe butu ninazozichora ubaoni, nami kwa mtazamo mmoja huwajua waliofahamu na wasiofahamu.

Jiepushe na michezo inayowatoa wanaokosea, kama ulivyo mchezo wa kukwepa mpira uitwao kwepena, kwa kuwa yule mwenye haja kubwa ya somo ndiye atakayekaa pembeni kwanza. Mtoto asiyeweza kutembea apewe ngoma, au aamuru wenzake waende wapi, na hesabu yake iwe sawa na yao. Aliyekuja bila kunywa uji usimtake aruke kamba. Na jua la saa sita lisiwakute nje.

Mwalimu mwenzangu, chagua somo moja tu la juma hili, uchore mstari ule wa namba, kisha umwombe mwalimu mkuu, kama ana hofu ya kelele, aje ayapitie madaftari ya watoto baada ya kipindi ndipo atoe hukumu.