TUMBAWE LIMEPAUKA AU LIMEBABUKA?

Wengi wetu hapa Mombasa tunalijua tumbawe kama jiwe la nyumba za zamani. Kumbe ni mnyama, bwana! Ni vinyama vidogo vingi vilivyoshikana, nyama yao nyembamba ikifunika mfupa wa chokaa. Ndani ya nyama hiyo huishi mwani mdogo mno, nao ndio huipa rangi na sehemu kubwa ya chakula.

Mjomba wangu hutunza tangi la matumbawe katika nyumba ya tajiri wake. Likizo ya Agosti nilimsaidia. Asubuhi moja tulikuta tumbawe la matawi limekuwa jeupe shinani. Mimi nikajitia mjuzi: "Mjomba, limepauka, kama yale ya 1998." Mwaka huo bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Basi tukapunguza taa tu. Kesho yake weupe ulikuwa umepanda upana wa kidole.

Nilikuwa nimekosea. Tumbawe lililopauka limepoteza mwani wake tu. Ukilitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona nyama ingali ipo, imekuwa kama utando usio na rangi. Hilo laweza kupona. Lililobabuka halina nyama. Ni mfupa mtupu, na kati ya weupe na rangi kuna mpaka ulio wazi kabisa.

Ukishajua limebabuka, tazama kasi. Likiwa linaisha kwa siku moja au mbili, usikae kupimapima. Kata matawi yaliyo hai uyaokoe. Likienda polepole kutoka shinani, shuku maji yaliyobadilika. Usiku pia mulika kwa tochi, maana kuna minyoo bapa na konokono wanaokula nyama hiyo.

Sisi hatukuona mdudu. Joto lilikuwa nyuzi 26, chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, sawa na bahari. Kupima alikali, lo! Juma lililopita ilikuwa digrii 8, sasa 12. Mjomba akanitazama. "Ile poda ulitia kwa kijiko kipi?"

Aliniambia kijiko cha chai. Mimi nilitia cha mezani, yaani mara tatu, siku nne mfululizo.

Tajiri alipouliza, mjomba alisema, "Kosa ni langu, mzee." Hakunitaja. Usiku ule sikulala vizuri, nikifikiri atafutwa kazi.

Tulikata matawi 5, kila moja sentimita moja ndani ya sehemu hai, tukayabandika mawe kwa gundi. Alikali hatukuishusha kwa pupa, kwani badiliko jingine la ghafla lingeyamaliza. Tuliacha poda, tukawa tunapima kila jioni mpaka ikarudi 8.

Shule zilipofunguliwa, matawi 3 yalikuwa hai. Mjomba angali kazini, ila poda sasa anapima mwenyewe.