Unahama? Malizana na mkataba wa sola kwanza

Umejiunga na shamba la sola la jamii huko Illinois na sasa unahama? Kuhama hakufuti mkataba. Fuata mpangilio huu, usije ukaendelea kudaiwa huku bili yako haipungui.

Angalia unakokwenda. Sheria ya Illinois inakuruhusu kuhama na usajili wako, mradi nyumba mpya iwe chini ya kampuni ileile ya umeme. Ukitoka Chicago kwenda Aurora, bado uko ComEd. Ukienda Peoria, huko ni Ameren. Itabidi uvunje mkataba au umwachie mtu.

Toa mkataba usome. Tafuta mambo matatu: siku za notisi, ada ya kujitoa, na masharti ya kumwachia mwingine. Ukivivia kurasa nyingi, anza na fomu ya maelezo ya Illinois Shines, mpango wa sola wa jimbo, uliyopewa kabla ya kusaini.

Toa notisi mapema. Ipigie simu kampuni ya sola, kisha rudia kwa barua pepe: jina, anwani ya zamani na mpya, namba ya akaunti ya umeme, tarehe ya kuhama. Dai jibu la maandishi.

Usikimbilie kufunga akaunti ya umeme. Krediti za sola, zile zinazopunguza bili yako, huingia humo. Ukipata namba mpya ya akaunti, itume kwa kampuni ya sola siku hiyohiyo.

Unamwachia mtu? Pima matumizi yake. Lazima awe na akaunti yake kwenye kampuni hiyohiyo ya umeme. Kama fungu lako la shamba la sola lilipimwa kwa nyumba ya watu sita na yeye anaishi peke yake, litamzidi. Ombeni lipunguzwe. Wewe usijihesabu umetoka mpaka upewe barua kwamba jina lako limeondolewa.

Kagua bili za mwisho. Krediti huchelewa, kwa hiyo bili ya sola inaweza kukufuata baada ya kuhama. Piga hesabu: kama punguzo lako ni asilimia 20, krediti ya dola 50 unailipia dola 40. Wakidai zaidi, waulize. Makato ya benki yasitishe ukishaona salio ni sifuri.

Wakikuzungusha, wapigie Citizens Utility Board, wanaotetea wateja wa umeme Illinois. Kabla ya kupiga, weka mkataba na zile barua pepe mbele yako.