Nikisilimu, nilitupe jina langu la Kirundi?



Swali hili huulizwa na ndugu waliosilimu wakubwa: nikishaitwa Yusuf, jina nililopewa na wazazi niliache? Tuangalie kwanza jina lenyewe ni kitu gani.

Kwa desturi ya Burundi jina halirithiwi. Ndugu watatu wa baba na mama mmoja huwa na majina matatu, kila moja likieleza jambo. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane. Bukuru na Butoyi ni mapacha, mkubwa na mdogo. Nkurunziza ni habari njema. Ukoo wenyewe hujulikana kwa kuuliza: huyu ni Muhanza, yule Mujiji. Wazazi wanaowapa watoto jina la baba wapo siku hizi, lakini hilo ni jambo jipya. Hata Uturuki, kila familia ilitakiwa kuwa na jina la ukoo kwa sheria ya mwaka 1934 tu.

Waarabu wa zama za Mtume (s.a.w.) nao walitambuana kwa nasaba: fulani bin fulani. Imamu Bukhari ni Muhammad bin Ismail. "Bukhari" ni nisba ya mji wake, Bukhara.

Sheria yetu inacholinda ni nasaba hiyo. Zayd alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad kwa sababu Mtume alimlea. Iliposhuka aya ya 5 ya Suratul-Ahzab, akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Kwa hiyo mtoto wa kulea abaki na jina la baba yake. Dada zetu nao wasione haya kubaki na la baba zao baada ya ndoa: Fatima aliolewa na Ali, akabaki bint Muhammad.

Majina yenye maana mbaya Mtume aliyabadilisha. Mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, alimwita Jamila. (Si jina la mke wa Firauni, hilo kwa Kiarabu lina herufi nyingine.) Hazn, yaani ardhi ngumu, alitakiwa awe Sahl, akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Hakulazimishwa, ingawa mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alisema ugumu ule ulibaki katika familia yao. Lakini Umar alisilimu akiwa Umar, akabaki Umar.

Basi Hakizimana, Mungu ndiye anayeponya, lina kosa gani? Au Bizimana, Mungu ndiye ajuaye? Mimi sioni. Ya kuangaliwa ni yale majina ambayo mzazi alimtupia jirani maneno ya chuki kupitia mtoto wake. Hayo kuyabadilisha ni vizuri, ila anza na kitambulisho kabla ya diploma kuandikwa. Karatasi mbili zenye majina mawili zitakusumbua kila utakapoomba kazi.